Kiti cha Nyuma ya Dereva

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ya pamba hunirudisha mpaka leo kwenye kiberenge, lile basi dogo la reli lililopita kijijini kwetu likielekea Mwanza. Msimu ule wa pamba mama alikuwa mjamzito, nami meno ya utoto yalikuwa yakining'oka. Kiberenge kilijaa hadi mlangoni: wanawake na kuku wao, wazee na fimbo zao, viroba vya michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Lakini kiti cha nyuma ya dereva kilibaki kitupu. Kilikuwa cha mgonjwa, ambaye huenda angepandia kituo cha mbele. Hata tajiri mwenye ng'ombe wengi alisimama njia nzima, na mtoto aliyethubutu kukikalia alivutwa sikio na yeyote aliyekuwa karibu. "Hujafa hujaumbika," tuliambiwa. Siku uchungu ulipomshika mama, kiti kilikuwa kinamngoja. Mdogo wangu alizaliwa salama hospitalini, na mama yu hai kwa sababu watu wasiomjua walikubali kuumia miguu.

Reli ile ilikufa. Juzi nimekikuta kiberenge ufukweni Kirumba, hapo Mwanza, kimepakwa rangi ya dhahabu na kugeuzwa mgahawa. Sikatai, heri mgahawa kuliko kuuzwa chuma chakavu. Nikampeleka mama, ambaye sasa miguu humvimba. Alikwenda moja kwa moja hadi kiti kile, akakipapasa, akakaa. Hata pumzi hazijamtulia, binti mhudumu akafika.

"Shikamoo bibi. Samahani, hicho kiti kina mtu, anakuja sasa hivi."

Mama akainuka upesi. "Marahaba. Jamani, sikujua! Mgonjwa mwenyewe anapandia wapi?"

Binti akacheka. Nikamvutia mama kiti kingine, akakataa. Alitaka kwanza amsaidie mgonjwa kupanda. Akashika bomba la abiria wanaosimama, macho mlangoni. Wakaingia kijana na mchumba wake, wazima kama chuma, wamekuja kupiga picha. Kumbe kiti kile sasa ni cha picha, na hulipiwa zaidi! Wamehifadhi taa, wamehifadhi kengele, wamehifadhi hata misumari, wakautupa utu. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mimi niliwaambia, kwa sauti, na wakanitazama kama mlevi.

Mama hakunisikia. Alikuwa amemwona yule msichana akishikwa mkono kwa sababu ya viatu virefu. "Pole, mwanangu," alimwambia, akampisha. Mgahawa mzima ulikuwa umekaa. Aliyesimama kwa ajili ya mgonjwa alikuwa mama peke yake.