Nilimsafishia mke wangu kibanja, nikamfutia kila alichokijua

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, vijana marahaba. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Kihanga, Karagwe, sijasimuliwa. Shule niliishia darasa la nne, herufi zikipandana mnivumilie.

Mke wangu, Mama Koku, haoni. Macho yalififia taratibu, hospitali wakasema tumechelewa.

Lakini kwenye shamba letu la migomba, kibanja tunavyoita, alikuwa haongozwi na mtu. Anapalilia kwa mikono, amepiga magoti, anapapasa. Hili anang'oa, hili anaacha.

Aliyoyaacha ndiyo dawa. Ya tumbo la vichanga, ya mama aliyetoka kujifungua, ya vidonda. Alifundishwa na bibi yake.

Mtoto akiletwa na homa alikuwa anawafukuza: "Pelekeni zahanati, mimi si daktari!" Mkali sana. Hata wakati namchumbia alinikataa mara mbili, ati nacheka ovyo. Tuyaache hayo.

Mwaka jana binti yetu Koku, aliyeolewa Kyerwa, alijifungua. Mama yake akaenda kukaa naye mwezi mzima. Wakakubaliana huko huko kwamba mtoto akipata nguvu, Koku aje nyumbani afundishwe dawa zote.

Mimi huku nikabaki nawaza. Mwanamke wa umri ule, haoni, magoti yamechubuka kwa kupalilia. Ngoja nimsaidie.

Nikanunua dawa ya kuua magugu, nikaazima bomba la mgongoni, nikapuliza kibanja kizima. Siku chache tu, chini kweupe. Jirani akapita: "Mzee, hapa si unafanyia harusi kabisa!" Nikavimba.

Mama Koku akarudi. Asubuhi akaingia kibanjani, mimi nyuma yake nasubiri asante.

Akapiga magoti. Akapapasa. Akasogea mgomba wa pili. Akanusa vidole.

"Baba Koku, nani ameingia humu?"

"Ni mimi. Nimekupumzisha kupalilia."

"Na yale ya watoto?"

"Yapi?"

Alikwenda mgomba kwa mgomba mpaka mwisho, kwa magoti. Nilidhani atanitukana. Ningeshukuru angenitukana.

Mubirizi upo, ule mti mchungu wa uani, huo kila mtu anaujua. Hayo mengine hakuna. Msitu wetu wa zamani sasa ni mikaratusi mitupu. Nikaenda kuyaomba huko Nyakasimbi, nikafika hadi Bweranyange, vibanja vingi nilivyoingia vimepulizwa kama changu. Majani niliyookoteza alipapasa, akatupa. "Siyo."

Mvua iliponyesha zikaota nyasi fulani nyembamba, ngumu. Akazishika. "Hizi sizijui."

Koku alikuja kweli, mtoto mgongoni, na daftari jipya.

Mama yake akamwambia, "Nikufundishe nimeshika nini? Mengine hata jina bibi hakunipa. Alichukua mkono wangu akauweka juu ya jani, basi."

Daftari liko hapa mezani. Halina hata mstari.

Siku hizi anashinda mlangoni, mikono mapajani. Akina mama wenye vichanga wameshazoea, wanapita moja kwa moja. Akisikia kichanga kinalia njiani anageuza shingo kukifuata mpaka sauti ipotee.

Funzo nililopata, kama bado linamsaidia mtu: kabla hujapuliza, muulize anayepalilia.

Uzi huu niliuanzisha niombe, mwenye majani hayo kwake aniambie, nitayafuata hata kwa miguu. Nikasema kwanza niwaeleze yalivyo.

Wakuu, nimekaa na simu tangu asubuhi. Karibu miaka arobaini nimeyapita nikienda kukata ndizi, na sikumbuki hata jani moja lilivyokuwa.

Mwenye lolote aandike hapo chini. Nitamsomea Mama Koku kwa sauti, labda yeye atalijua.