Mama Aliyemuulizia Fundi wa Barafu

Kabla hujacheka, kaa chini unisikilize. Mimi si mtu wa porojo. Shule niliishia darasa la pili, lakini macho ninayo, na jambo hili nililiona mchana kweupe, jua la saa sita likiwa utosini, uani kwangu hapa Palma, pwani ya Msumbiji. Anayetaka kuamini aamini. Asiyetaka, aende zake.

Nyuma ya nyumba nina chumba cha kupangisha. Vita vilipotulia tukarudi kutoka ukimbizini, alikipanga mtu wa Taiwan, mwanamume wa makamo, fundi wa mashine za barafu pale wanapoteremsha samaki. Watu walimwita Mchina. Alikataa. "Mimi Taiwan. Taiwan!" Jirani yangu Mama Saidi akamwambia, "Haya, Taiwani, usilie." Jina likamganda.

Sikumwamini. Nani humwamini mgeni siku hizi? Mtu ana kwao, umeme hauzimiki, anakuja kwetu kufuata nini? Nikamchunguza. Nikaona anakunywa maji ya moto, joto lote hili, maji matupu bila hata majani ya chai. Nikaona kila adhuhuri anakaa kizingitini na simu, anaongea na mama yake. Lugha yao siijui, lakini mtu anayetamani kwao hahitaji mkalimani. Akimaliza alibaki ameiweka simu mapajani, kama mtu aliyeshika kifaranga kilichokufa.

"Rudi kwenu basi," nilimwambia.

"Mwezi ujao, Bibi."

"Hata mwezi uliopita ulisema hivyo."

Akacheka, akaingia ndani.

Uji wa mama yake alinifundisha mwenyewe: mchele, maji mengi, viazi vitamu. Basi. Nilikuwa nikimpikia akiumwa, na siku hiyo ninayokuhadithia alikuwa anaumwa. Homa ya siku tatu. Mtandao nao ulikuwa umekatika, kwa hiyo siku tatu zote hakuongea na mama yake. Alilala chumbani, mlango umerudishwa. Mimi niko jikoni uani, nakoroga uji.

"Hodi."

Nikageuka. Mwanamke mzee kasimama ndani ya ua. Mlango wa ua nilikuwa nimeufunga kwa kamba, na kamba ilikuwa bado imefungwa. Amevaa leso kama zangu. Sura ya watu wa pwani, Kiswahili cha hapa hapa.

"Mwenzangu, nipe maji."

Nikampa kikombe. Akanywa bila kusema bismillahi. Hilo nililiweka moyoni. Kisha akainama, akachungulia sufuria yangu.

"Viazi umekata vikubwa. Yeye hula vidogo."

"Yeye nani?"

"Mwanangu. Huyu wa barafu. Yupo?"

Sasa nikuambie kitu, ndipo unihukumu. Wakati wa vita walikuja watu majumbani wakimuulizia mtu kwa upole kabisa, fulani yupo? Waliojibu kweli, walizika. Toka hapo mtu wa huku, hata mtoto mdogo, akiulizwa na asiyemjua, jibu ni moja: hayupo. Na mwanamke mwenye sura kama yangu anawezaje kumzaa Taiwani? Nikaona huyu katumwa.

"Hayupo," nikasema. "Kahamia Mocímboa, bandarini."

Na mwenyewe alikuwa hatua kumi kutoka pale, nyuma ya mlango.

Yule mwanamke aliutazama ule mlango. Akautazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mocímboa ni mbali?"

"Mbali."

"Basi nitamfuata."

Nikainama kusukuma ukuni. Nilipoinuka, hayupo, na kamba imefungwa vile vile. Nikachukua kikombe nikakioshe. Kilikuwa kimejaa. Koo lake nililiona likimeza, wallahi nililiona, na kikombe kimejaa, na maji yale yalikuwa ya moto, yanatoa mvuke.

Taiwani akatoka chumbani anashikilia ukuta. "Bibi, mama yangu ameniita."

"Homa hiyo. Kalale."

Jioni mtandao ukarudi. Dada yake akapiga. Mama yao amefariki siku hiyo hiyo. Nikamwambia aulize ni saa ngapi. Ilikuwa ile saa niliyokuwa nakoroga uji.

Sikumficha. Nikamweleza yote, mpaka ule uwongo wangu. Nilitaka anipigie kelele. Hakupiga. Alisema kwao marehemu akipotelea njiani huitwa, arudishwe nyumbani akae mahali pake awekewe chakula. Asipoitwa atatembea na njaa milele.

"Yuko Mocímboa kwa sababu yako, Bibi."

"Kwa sababu yangu," nikasema.

Homa iliposhuka tukaenda. Pale bandarini, katikati ya wapakiaji na magunia yao, alifungua mwavuli mweusi. Roho hukaa chini ya mwavuli, alisema, jua lisiipige. Akamwita mama yake kwa lugha yao. Kisha akarusha sarafu mbili chini. Zikilala moja uso moja mgongo, amekuja. Zikifanana, bado. Akarusha mara tatu, zote zikafanana.

"Acha," nikamwambia. "Hiyo ramli. Dini yangu hairuhusu."

"Sema wewe. Wewe ndiye uliyemtuma huku."

Mpakiaji mmoja akacheka. "Bibi, mnauombea mwavuli uolewe?"

"Nyamaza, kabebe gunia lako!" Nikapaza sauti mbele za watu wote, uzee wangu huu: "Mama, nilikudanganya. Mwanao huyu hapa. Njoo, twende nyumbani."

Akarusha. Moja uso, moja mgongo.

Alilia kama mtoto. Mwavuli hakuufunga njia nzima, hata ndani ya chapa, kibasi cha abiria. Watu wakamsema, "Funga mwavuli wewe, kwani humu mvua inanyesha?" Yeye kaushika tu. Wiki hiyo hiyo akapanda ndege na mwavuli wake akarudi Taiwan. Mimi nikaomba toba, nikasema yamekwisha.

Siku ya nne tangu aondoke, adhuhuri.

"Hodi."

Alikuwa yeye. Leso zile zile, vumbi limempanda mpaka magotini, midomo imepasuka.

"Mwenzangu, nimetembea mpaka Mocímboa. Nimeuliza kila mtu. Hayupo."

Uwongo sikuweza tena. "Amerudi kwenu," nikasema. "Alidhani amekuchukua."

"Njia ya kwetu siijui. Nilikuja kwa kufuata sauti yake, na sasa siisikii."

Nikampigia Taiwani. Akapokea kwa furaha, sijawahi kumsikia hivyo. "Bibi! Mama ametulia. Kila siku namwekea uji. Anakula! Nikirudi, bakuli tupu!"

Niliielekeza simu kwa yule mwanamke. Akatega sikio. Kwanza akatabasamu, uso mzima. Kisha tabasamu likamtoka.

"Huyu ndiye mwanangu," akasema. "Na huyo anayepumua kando yake ni nani?"

Nikairudisha simu sikioni mwangu. Taiwani alikuwa anaita, "Bibi? Bibi?" Na nyuma ya sauti yake nikasikia pumzi ya mtu wa pili, nzito, ya mtu aliyeshiba. Nikamweleza haraka haraka nani amesimama uani kwangu. Akanyamaza. Pumzi ile nayo ikanyamaza. Kisha simu ikakatika. Nilipoinua macho, uani nilikuwa peke yangu.

Tangu siku hiyo nampigia. Inaita, haipokelewi. Mama Saidi anasema kabadilisha namba. Chumba sijakipangisha, na kila adhuhuri nateleka uji, viazi nimekata vidogo, naweka pale kizingitini. Imamu akijua atanisema. Na aniseme.

Nimefikiri sana nilikosea wapi. Pale bandarini sikumtaja jina. Nilisema "mama" tu, nikasema mwanao huyu hapa, njoo. Sasa hesabu mwenyewe, pwani hii, toka vita, ni mama wangapi waliokufa wakitafuta watoto wao? Mmoja alisikia akaitika. Unamlaumu? Mimi simlaumu. Lakini amekaa mahali pa mwenzake, anakula uji wa mwenzake, na mwenye mahali anatembea barabarani na vumbi lake.

Kwa hiyo usimwite aliyekufa kama humjui jina. Na mama akija kwako anamuulizia mwanawe, hata kama sura yake inakutia shaka, hata kama unaogopa, funga mdomo ukishindwa, lakini usimwelekeze mahali ambapo mwanawe hayupo. Atakwenda. Mama hakuulizi mara mbili, atakwenda.