Mvua ya Chini, Theluji ya Juu

Darasa letu la kidato cha tatu linaamini kwamba mie ndiye mtu wa kwanza Kiwalani kupanga safari ya kwenda kuteleza kwenye theluji. Niliwaambia mwenyewe, kwa uso mkavu, siku mwalimu wa jiografia alipochelewa. Tangu hapo wakawa wananidai taarifa kila asubuhi. Nasimama mbele na mafagio mawili mkononi, nimepinda magoti kama ninashuka mlima, nawatangazia: theluji mpya imeanguka kiasi gani, upepo unavuma kutoka wapi, njia zipi zimefungwa. Wanacheka mpaka wa darasa la jirani wanakuja kuchungulia dirishani. Siku moja mwalimu akanikuta katikati ya taarifa. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza nauli ya safari hiyo ananilipia nani. Nikamwambia nasubiri hali ya hewa kwanza.

Taarifa zenyewe zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa safari tu.

Mama yangu anatandika vitanda kwenye hoteli ya watelezaji, huko milimani Ulaya. Siku anaondoka alimwambia bibi, "Theluji ikiisha, narudi." Hakutaja tarehe kwa sababu hata bosi wake hana tarehe. Theluji ikiwepo, wageni wapo. Wageni wakiwepo, vitanda vinatandikwa. Ikiyeyuka mapema hoteli inafungwa na wafanyakazi wanapewa tiketi za kurudi makwao. Sie tulitaka Idd imkute nyumbani. Kwa hiyo wakati watelezaji wa dunia nzima wanaomba ishuke zaidi, mie nilikuwa nimekaa barazani kwetu, jasho linanitiririka mgongoni, naomba iyeyuke.

Kule kila mlima una ukurasa wake kwenye mtandao. Mwanzoni sikuelewa kitu. Kumbe theluji si moja. Ipo kavu na nyepesi, na hiyo ndiyo wanayoililia. Ipo iliyoloa, nzito, inayomng'ang'ania mtu miguuni. Halafu ipo iliyoyeyuka mchana na kuganda tena usiku, ngumu juu, ukianguka unachubuka. Nilimweleza bibi kwa lugha ya jikoni: ya kwanza unga, ya pili uji, ya tatu ukoko. Alielewa kuliko darasa zima.

Nyumba ilikuwa imebaki na sie wawili tu. Kwa kawaida ya kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake kwa utani, na bibi yangu utani huo anautumia vizuri: mume ndiye achote maji, mume ndiye akune nazi. Mwezi wote wa Ramadhani, akiwa anakoroga uji wa futari, alikuwa ananiuliza, mume wangu, theluji imeamkaje leo? Namjibu imeamka na afya mbaya sana, mgonjwa wetu hafiki Idd. Anacheka. Kisha tunafuturu, redio ikiongea peke yake, ndege zikipita juu ya bati letu kwenda kutua. Zamani nilikuwa sizisikii kabisa. Mwaka huu nilikuwa nasikia kila moja.

Wiki ya mwisho ya mfungo ukurasa ulionyesha mvua. Mvua leo, mvua kesho, mvua wiki nzima, na joto limepanda. Nikajua kwisha habari yake. Nilimkimbilia bibi jikoni nikamwambia theluji inaoshwa yote, hoteli inafungwa, mama anakuja. Bibi alifuta mikono, akaingia chumbani kwa mama, akaburuta godoro hadi uani akalianika juani. Alilipiga na mwiko wa ugali mpaka vumbi likaisha. Akafua chandarua. Akatoa shuka jipya lililokuwa sandukuni. Majirani walipouliza kuna mgeni gani, akawaambia mwanangu anarudi.

Shuleni niliwatangazia kwamba safari yangu imeingia mashakani, mlima unaoga. Walinipa pole kwa kunipigia makofi.

Mama alipiga simu ya video siku mwezi ulipokuwa unatazamwa, muda mfupi baada ya futari. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili. Nyuma ya mama kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa kweupe kama mtu amepakaza chokaa. Alisema wageni wamefurika, theluji kama ya mwaka huu hawajapata kuiona, hoteli imeongeza muda. Alisema kwa furaha, ile furaha ya mtu anayeangalia uso wako kwanza kabla hajaendelea. Bibi akamwambia alhamdulillahi, kazi ikiwepo ni heri. Akamuuliza kama anakula. Mie nilipopewa simu nikamtania kwamba amenenepa kama mtu wa theluji. Akacheka, simu ikakatika.

Nilifungua ukurasa tena. Pembeni ya neno "chini", ambalo ndilo nililokuwa nasoma miezi yote, kulikuwa na neno "juu". Sikuwahi kuligusa. Mie najua mvua inaweza kunyesha Kibamba na Kurasini kukawa kukavu, jiji letu ni refu. Lakini kwamba kijijini chini inyeshe mvua na hapohapo, mlima uleule, juu ianguke theluji, hilo halikunijia. Nilikozaliwa hakuna juu. Nikagusa. Wiki yote ile ya mvua yangu, huko juu, iliko hoteli ya mama, ilikuwa unga mtupu.

Nilimwonyesha bibi. Aliangalia kwa muda, miwani imeshuka puani.

"Kumbe ulikuwa unanisomea ya chini," alisema.

Idd tulikula pilau kwenye sinia ileile kubwa, sie wawili tumekaa upande mmoja. Wali ulibaki, tukawapelekea majirani, na majirani hawakuuliza kitu. Shule ilipofunguliwa nikasimama na mafagio yangu, nikawatangazia kwamba hali ni nzuri kupita kiasi, mtelezaji hawezi kuomba zaidi. Walishangilia. Na mie nilishangilia, ingekuwaje.

Godoro limebaki kitandani na shuka lake jipya. Hakuna anayelilalia. Jana jioni nilikuwa nakuna nazi, bibi akaja akakaa karibu yangu kwenye mkeka.

"Mume wangu, leo nisomee ya juu."

Nilifuta mkono, nikamsomea. Baridi chini ya sifuri, theluji nyepesi, upepo mkali mpaka asubuhi.

"Na koti zito, mama yako analo?"

Nilishusha ukurasa hadi mwisho, kama vile ningelikuta.

"Hawajaandika, bibi."

Akachukua mbuzi ya nazi mbele yangu, akaendelea kukuna mwenyewe.