Swichi Isiyojibiwa

Kaka yangu alikufa ameshika seng'enge ya kaburi la baba. Mvua ilikuwa imenyesha, alikuwa peku, na alikuwa ameenda kufyeka nyasi kwa sababu mkewe alimwambia kaburi limekuwa kichaka na watu wa maombi wanakuja Jumamosi. Daktari alisema ni stima. Mama alisema daktari aseme apendavyo, lakini stima itoke wapi kaburini, mahali ambapo hakuna hata waya mmoja wa stima?

Kuanzia hapo lawama zote zikamwangukia wifi yangu. Yeye ndiye aliyemtuma. Baba hakuwahi kumpenda. Kwa hiyo, kwa hesabu za ukoo wetu, alikuwa ameweka kitu pale kaburini na mumewe akakishika. Baba zangu wadogo walikaa chini ya hema la matanga wakaamua kwamba tukishazika arudi kwao Moding, watoto wabaki. Waliamua hayo wakila chakula alichopika yeye.

Nilipandwa na hasira. Mimi si mtu wa kuvumilia upuzi. Kazi yangu ni kushughulikia makaratasi ya malori pale Malaba, na kutwa nzima watu wazima wananidanganya huku wakinitazama machoni. Nikawaambia nitawaonyesha huo waya.

"Utatuonyesha hewa," akasema mmoja wao, akaendelea kutafuna.

Nyumba yetu ni ya zamani. Baba aliijenga chumba kwa chumba, kila alipopata pesa, ili alaze madereva wanaokwama kwenye foleni ya kuingia Uganda. Kila chumba kilipoongezeka, aliita fundi yeyote aliyekuwa karibu avute waya. Boksi la stima liko ukutani kwenye korido, lina swichi nane, na hakuna hata moja iliyoandikwa ni ya wapi. Baba alizijua kwa kichwa. Alipokufa aliondoka nazo.

Siku moja kabla ya maziko, mchana, vijana waliokuja kuchimba kaburi walikataa kushika sepetu. Kaka alikuwa alazwe kando ya baba, na tulikuwa tumezima swichi kubwa ya nyumba tangu siku ile, lakini hawakuamini. Sikuwalaumu. Fundi wa spika za matanga, aliyekuja na jenereta yake, ndiye aliyejitolea. Alikuwa na gambuti na bisibisi ya kupima stima, ile yenye taa ndogo mkiani.

"Sista, mi nitaangalia hiyo fensi," akasema. "Lakini watu wakae mbali kabisa."

Nikasimama kwenye boksi. Wifi nikamweka mlango wa nyuma, anipitishie sauti ya fundi. Nilikuwa natafuta mtu wa kuzunguka vyumbani aseme nini kimezima, mama akainuka mkekani bila kuitwa. Nadhani alitaka kuwepo nikiaibika. Hakuwa amemsemesha wifi tangu msiba uingie, na sasa walikuwa kwenye korido moja, mmoja huku, mwingine kule.

Niliwasha swichi kubwa.

"Fensi iko na moto, taa ya bisibisi imewaka!" fundi akapiga kelele.

"Iko na moto," wifi akarudia.

Nikaanza kuzima moja moja. Tulikuwa tumewasha kila kitu, taa, redio, friji, hata pampu ya maji. Ya kwanza ilinyamazisha redio. "Imezima huku!" mama akaita. "Kwa fensi bado!" wifi akajibu. Nikairudisha, nikashusha ya pili, vyumba vya madereva. "Imezima!" "Bado!" Jikoni. Pampu. Taa ya getini. Taa ya korido. Kadiri tulivyoendelea, sauti ya mama ilirudi kuwa ile ya zamani, ya kutuita tukale, na mara moja nilimsikia akisema, "Umesikia, mama watoto? Huku imezima." Nilitaka kulia.

Nikashusha ya saba. Hakuna aliyejibu. Redio ilikuwa inaongea, friji inanguruma.

"Mama, nini kimezima?"

"Hakuna kitu."

Kisha wifi, polepole: "Amesema fensi imekufa."

Niliiwasha tena. Imerudi. Nikaizima. Imekufa. Nikarudia mara nyingine, bila haja yoyote, ili wale wazee kwenye hema wasikie vizuri.

Tukazima kila kitu. Waya wenyewe ulitokea tundu dogo chini ya paa, ukashuka nyuma ya tangi la maji na kuingia ardhini. Vijana waliufukua kwa jembe, haukuwa umezikwa hata kina cha kiganja, mpaka kaburini. Pale kwenye nguzo ya seng'enge palikuwa na kiungo kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni. Nailoni ilikuwa imeoza, na shaba imelalia seng'enge. Niligeuka kumwambia mama, unaona sasa?

Alikuwa anatazama kisiki cha mti kando yake, kilicholiwa na mchwa.

"Hapa ndipo ilikuwa taa," akasema. "Taa ya matanga ya baba yenu."

Kaka ndiye aliyeuvuta ule waya, haraka haraka, watu wa kukesha wapate mwanga. Tulipomaliza kuzika alitaka kuutoa.

"Mimi nilimkataza. Nilimwambia mzee hajazoea giza, aiache." Akarudia, kana kwamba hatukusikia, "Mimi nilimkataza."

Balbu iliungua baadaye, mti ukaanguka, seng'enge ikawekwa kuzuia mbuzi, na sote tukasahau. Baba zangu wadogo walirudi chini ya hema. Hakuna aliyemwomba wifi radhi. Ni yeye aliyemshika mama mkono na kumrudisha mkekani, na vijana wakaanza kuchimba.

Wifi hakurudi Moding. Yuko hapa na watoto wake, anapikia madereva. Ule waya niliukata mwenyewe na kuung'oa wote. Juzi nilichukua plasta na kalamu nikaanza kuandika swichi: jikoni, pampu, geti. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akiniangalia. Nilipofika ya saba akasema, "Hiyo andika jina langu."

Sikuandika kitu.