Nilivyoumbuka Kwenye Dirisha la Viza

Yule dada wa viza aliniambia nikunje mikono ya blauzi.

Nikadhani sijasikia vizuri. Nimekuja kuomba viza, si kuchanjwa!

"Kunja tu, dada yangu."

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Mimi ni mpishi wa kantini ya shule. Nilipata nafasi ya kozi fupi ya kuoka mikate nje ya nchi, chakula na malazi juu ya chuo. Nililia kwa furaha mpaka kamasi.

Aliyeniponza ni mume wangu. Tena kwa nia njema.

"Usithubutu kutaja kozi," akasema. "Watakuzungusha mpaka kozi iishe. Sema unaenda kutembea."

"Na kazi?"

Akakohoa. "Sema meneja. Mpishi watadhani unaenda kuzamia."

Iliniuma. Lakini yeye ndiye mjanja wa mambo ya maofisini, mimi najua sufuria tu. Nikakubali.

Siku ya usaili nikavaa blauzi ya kuazima, wanja juu. Dirishani nikajibu kama kasuku.

Kazi? Meneja.

Safari? Kutembea.

Kuna mtu unamfahamu huko? Simfahamu hata mmoja.

Ndipo akaniambia nikunje mikono.

Nikakunja. Makovu ya oveni yakaonekana, kutoka kiwiko mpaka kiganja.

"Meneja wa nini anaungua hivi?"

Nyuma yangu kwenye foleni mtu akacheka kwa pua.

Dada akashusha sauti. "Mwalimu wa hiyo kozi yako ya mikate alitupigia simu kukuulizia. Kozi fupi kama ile, viza ni hii hii ya matembezi. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze na blauzi ya watu.

"Ni kweli, mimi ni mpishi," nikasema, machozi na wanja vikishuka pamoja.

"Najua. Lakini umeshanidanganya mara tatu. Siwezi kukupa."

Nje, mume wangu alikuwa amesimama na mama yake, aliyekuja kututembelea wiki ile.

"Vipi, meneja wetu?" mama mkwe akauliza, uso umejaa tabasamu.

Meneja? Nikamgeukia mume wangu. Akaangalia viatu.

Kumbe uongo ule haukuanzia kwenye viza. Kwao ndivyo alivyowaambia tangu anioe.

"Mama, mimi ni mpishi," nikamwambia, palepale barabarani.

Mama akanitazama. Kisha akamgeukia mwanawe, taratibu.

"Na mimi niliyekusomesha kwa kupika kwenye nyumba za watu, wenzako huwa unawaambia nafanya kazi gani?"

Akarudi kuangalia viatu.

Nami sikuwa na mdomo wa kumsema. Muda mfupi tu kabla, niliikana kazi yangu kwa ulimi wangu mwenyewe.

Kozi imeshaanza bila mimi. Hilo nitalizoea.

Ila wewe unayesoma, ukiulizwa unafanya kazi gani, sema. Kunyimwa viza si aibu. Aibu ni ile niliyoiona kwenye macho ya mama mkwe, na sijui hata naanzaje kumwomba radhi.