Udongo Uliosimamisha Mashine Yetu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo uzee umeshindwa kunisahaulisha. Nasahau majina ya wajukuu, nasahau nilikoweka miwani, lakini asubuhi ile ya masika naikumbuka mpaka baridi yake. Niliteremka kwenda kwenye nyumba ya mashine, nikakuta kimya. Mashine yetu ya umeme ilikuwa imesimama, na maji yaliyochuruzika chini yake yalikuwa mekundu kama uji wa ulezi.

Mimi Otmari ndiye niliyekuwa fundi wake, kijana niliyetoka chuo cha ufundi Songea, nikivaa ovaroli ya buluu hata Jumapili.

Nikueleze kwanza umeme ule ulikuwa wa namna gani. Kijiji chetu kiko huku juu milimani, ng'ambo ya vilima vya Matiri, na umeme wa mjini tuliusikia redioni tu. Wazee wakaunda chama cha ushirika, wakachimba mfereji kwa majembe kutoka kijitoni, maji yakaja kuzungusha mashine. Mchana ilisaga mahindi, jioni ikawasha taa, na muda wote ikaendesha friji ya zahanati. Ada ilikuwa ndogo hata Bibi Skolastika, mjane aliyelima shamba la kuazima, aliweza kuwasha taa yake moja. Udogo huo haukudondoka kutoka mbinguni. Viongozi hawakulipwa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kila nyumba ilitoa mtu na jembe kusafisha mfereji. Na kichaka kilichokuwa juu ya mfereji hakikulimwa kamwe, ili udongo usiteremke. Mzee Gebehardi, mwenyekiti wetu, aliyarudia hayo kila mkutano mpaka vijana tukawa tunamwigiza sauti.

Ndipo likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakapanda milima na malori yao, na kila kijana akaota nyumba ya bati. Nami nikaota. Tamaa, mwanangu, haibishi hodi. Jumamosi ya mfereji ilipokwisha kupita, nikafyeka kichaka kile kwa siri, nikapanda miche ya kahawa. Wala sikuchimba ngolo, yale mashimo yetu sisi Wamatengo yanayoshika maji na udongo kwenye mteremko. Ngolo inauma kiuno, nami nilikuwa na haraka. Nikajiambia ni kipande kidogo tu. Bandu bandu huisha gogo.

Mvua ya siku mbili ikalimwaga shamba langu lote mferejini. Mchanga ukaingia kwenye mashine, ukala beringi, vile vyuma vinavyoshikilia mhimili ukizunguka.

Zahanati ndiyo iliyoumia kwanza. Friji ya chanjo ilizimika. Muuguzi wetu, Mama Adelina, akapanga chanjo kwenye kisanduku cha barafu, akaondoka kwa miguu kwenda hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwenye matope. Kina mama waliokuwa wamefika na watoto mgongoni wakarudishwa. Mmoja aliniuliza, "Fundi, nirudi lini?" Nikamjibu sijui. Chanzo nilikijua. Hicho sikumwambia.

Jumapili baada ya misa tukakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Alikuwepo mnunuzi mmoja wa kahawa, mtu wa maneno laini. Akasema ataitengeneza mashine kwa gharama yake, ila kuanzia hapo iwe mali yake, nasi tununue umeme kwa bei atakayopanga. Nikasimama kumuunga mkono. Nilisema ushirika umepitwa na wakati. Kumbe nilichotaka ni mashine ipate mwenyewe, asiwepo tena mwanakijiji wa kupanda kukagua mfereji na kuiona miche yangu.

Bibi Skolastika akauliza, "Hiyo bei atakayopanga ni ipi?"

"Bibi, soko ndilo litakalosema," yule bwana akajibu akitabasamu.

"Basi likishasema, mimi nitakaa gizani," akasema, akaketi.

Mzee Gebehardi akaomba tupumzike kidogo. Akanifuata nje, karibu na kengele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Otmari, leo alfajiri nilipanda kule juu. Nimeiona miche yako."

Nikamuuliza kama amemwambia mtu.

"Sijamwambia mtu, wala sitasema. Nimechoka." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililonichoma. "Umeme huu ni rahisi kwa sababu tunaulipia kwa migongo yetu. Ukiupumzisha mgongo wako, yuko mwingine anayebeba mzigo wako. Safari hii umembebesha Skolastika. Rudi ndani ukaseme mwenyewe, au unyamaze tumuuzie yule bwana."

Nilirudi, nikasema. Kelele zikalipuka ukumbini. Wapo waliotaka nifukuzwe siku ile ile.

"Mkimfukuza, nani atafunga hiyo beringi?" Bibi Skolastika akawauliza. "Kesho aje na jembe, tena awe wa kwanza kufika."

Wakakataa kuuza.

Niling'oa miche yangu yote kwa mikono, nikachimba ngolo mteremko mzima. Kwa wiki tatu tulizoa udongo, maji baridi yakitufika magotini. Kila nyumba ikatoa kahawa kidogo ya akiba, ikauzwa, beringi ikapatikana Songea. Ada haikupanda. Mashine ilipozunguka tena, kina mama walipiga vigelegele, nami nikajificha nyuma ya kinu cha kusagia.

Mzee Gebehardi alichimba nasi kila siku, ingawa nilimsihi akae. Kifua kikamshika. Baada ya masika yale hakuupanda tena mlima. Aliishi miaka kadhaa akikohoa mlangoni pake, na kila nilipomwamkia aliniuliza, "Mfereji haujambo?" Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Tangu hapo sijakosa Jumamosi, na sasa magoti yamekwisha. Nawasikia mkisema ada ipande, tuajiri vibarua, ninyi mlale. Sina nguvu za kubishana, mwanangu, nakuachia haya tu. Kitu cha bei ndogo kina watu waliokibeba. Kabla hujakwepa zamu yako, mtafute atakayeibeba, umtazame usoni. Usilime palipokatazwa kwa kuwa ni padogo. Na ukikosa, sema mapema, kosa likiwa bado linaingia kwenye kiganja, maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Mungu akupe kiuno kisichochoka upesi kama changu. Akupe ulimi wa kukiri kabla hujaulizwa, na majirani wanaojua kukasirika na kusamehe. Akuzeeshe salama, usiwe na jina la mtu unaloogopa kulitaja katika sala zako. Amina.