Nilivyomsifu kwa Machozi

Bibi Mfaransa niliyemhudumia nyumbani kwake mtaa wa Toongabbie, huku ugenini, alikuwa profesa na mwandishi wa vitabu, na aliwahi kuigiza filamu kadhaa za kwao. Alinipa diski ya ile aliyoipenda zaidi, akifurahi kwamba sisi Wakongo tunajua Kifaransa. Sikuitazama, na nisisingizie kazi, ulikuwa uvivu tu. Aliponiuliza, nikamdanganya: "Mama, pale ulipolia, na mimi nililia."

Akanishika mkono. Hakuitaja tena.

Alipofariki ndipo nikaitazama. Anatokea mara moja tu, harusini, anacheka mpaka anashika mbavu. Halii popote.

Kumbe alijua. Na bado, kesho yake baada ya uongo ule, alinifungulia mlango, akaniuliza kama nimekula.